Ndege Namba 213

Kusema kweli mimi ndege siwapendi. Hatujakosana, ila sioni kwa nini mtu mwenye akili zake aamke kabla hata ya jogoo, ambaye naye ni ndege, akakae juu ya ubao mgumu asubuhi nzima ili amwone kiumbe asiye na habari naye. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, na nikiamka mapema naamka kwa ajili ya kitu chenye injini. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Breki, kwa kuwa neno hilo nalitamka mara mia kwa siku, na mara zote kwa kupiga kelele. Nina hasira za karibu, nalijua hilo, msinihubirie.

Lakini nimelelewa na watu wa ndege. Shangazi yangu alinichukua nikiwa na miaka sita, yeye na mumewe, ambaye tangu siku hiyo namwita Mjomba, na anayetaka kunisahihisha apange foleni. Mungu hakuwajaalia mtoto wa kumzaa, wakapata mimi badala yake, na mpaka leo sijui kama walipewa zawadi au adhabu. Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na miwili. Mjomba alikuwa mpima ardhi, mtu wa futi kamba na mawe ya mipaka. Shangazi anaamua jambo kwa kulitupia jicho mara moja tu, Mjomba haamini kitu mpaka akipime mara tatu. Na pamoja na tofauti hiyo yote, walikuwa na daftari moja.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, la kijani, na kila ndege waliyemwona aliandikwa humo kwa namba, mahali na tarehe. Sheria yake ilikuwa moja: ndege haingii mpaka wote wawili wamemwona kwa macho yao, na wote wawili wameweka sahihi. Kitabu hakihesabiki. Picha haihesabiki. Jirani aliyekuja mbio kusema ameona kitu cha ajabu juu ya bati lake, huyo ndiyo kabisa. Kwa sheria hiyo walifika ndege mia mbili na kumi na wawili bila hata kukwaruzana.

Miaka minne iliyopita walikwenda kwenye hifadhi ya jangwani, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Walikaa kwenye kibanda cha mbao mbele ya bwawa dogo, wakaja firigogo kunywa maji. Firigogo, kwa faida ya wasiojua kama mimi, ni ndege wa ardhini mwenye rangi ya mchanga, kama njiwa aliyeshiba. Mmoja alikuwa na mistari myeusi na myeupe usoni na mkanda kifuani. Mwingine alikuwa na madoadoa tu, kuanzia kichwani hadi mkiani. Shangazi akafungua daftari akaandika ndege wawili, namba 213 na namba 214. Mjomba akasema ebo, huyo ni ndege mmoja, dume na jike wake.

"Mimi nimezalisha watoto elfu sita," Shangazi akamwambia. "Sijawahi hata siku moja kumkosea mzazi jinsia ya mtoto wake. Leo wewe na futi kamba yako unifundishe dume na jike?"

Mjomba angeishia hapo leo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini alikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, na shetani naye hana likizo. Akasema, "Labda hata huko wodini ulikuwa unabahatisha."

Unabahatisha! Mwanamke aliyekuwa akirudi nyumbani asubuhi miguu imevimba, bado anauliza kama nimekunywa chai kabla ya kwenda shule! Shangazi alifunga daftari, akatoka kibandani, na tangu dakika hiyo hakumsemesha tena mumewe.

Msidhani nyumba iliingia ukimya. Ukimya ungekuwa nafuu. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, na mimi niko chumba cha uani, kwa hiyo kazi ya ukarani wa nyumba ikaniangukia mimi. "Mwambie mjomba wako chai inapoa." Mjomba yuko hapo hapo, mkono wake unaugusa mkono wa aliyesema. "Mjomba, chai inapoa." "Mwambie nimesikia." "Shangazi, amesikia." Miaka minne! Nisipokuwepo wanamtumia paka. Nimewahi kurudi mapema nikamkuta Mjomba amechuchumaa jikoni anamwambia paka, kwa heshima zote, amwulize Bibi kama ameuona mkasi. Na Bibi, akiwa hatua mbili tu kutoka hapo, akamjibu paka kwamba uko kwenye droo.

Nilidhani watazeeka hivyo hivyo, nikawa nimeshazoea. Kisha Jumatatu ile nikakuta sanduku sebuleni, limefungwa kwa mkanda. Mdogo wake Mjomba anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na alikuwa amemtayarishia chumba. Mjomba alikuwa ameshakata tiketi ya Jumamosi asubuhi.

"Kutembea?" nilimwuliza.

"Kukaa," alisema. "Mtu anachoka, binti yangu. Mtu anataka kuulizwa mwenyewe kama amelala salama."

Shangazi alikuwa anapiga pasi chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Alisikia kila neno. Aliendelea kupiga pasi shati lile lile la Mjomba mpaka nikaanza kunusa nguo inayoungua.

Siku iliyofuata nililia nikiwa kazini. Mwanafunzi wangu alidhani ni kwa sababu ya jinsi alivyoegesha gari, akaniomba radhi, akaegesha upya, tena vibaya zaidi. Nilikuwa nalia kwa sababu nina miaka thelathini na tano na nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa nikiwa na sita. Nyumba ile ndiyo nyumba pekee niliyo nayo. Mmoja akiondoka, yule anayebaki hatanifaa, na anayekwenda hatanifaa. Nawataka wote wawili, na nawataka mahali pamoja, hata kama wananuniana.

Jioni hiyo nikawasimamia mezani.

"Alhamisi sina mwanafunzi," nikasema. "Tunakwenda hifadhini. Mtakaa bwawani, mtamwangalia huyo ndege mpaka mjue ni mmoja au ni wawili. Aliyekosea atamwomba mwenzake radhi mbele yangu, na hapo ndipo mwenye kuondoka ataondoka. Nimechoka kuwa mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja."

Na msiniulize kwa nini hatukutazama tu kwenye simu. Nilishajaribu, mwaka wa kwanza kabisa. Nilimtafutia Shangazi picha za firigogo, na maelezo, na video. Alivaa miwani, akaitazama simu yangu juu na chini, akauliza, "Hii nayo imezalisha wangapi?"

Turudi mezani. Shangazi akasema, "Mwambie mjomba wako mimi niko tayari. Yeye ndiye aogope."

"Shangazi, anasema..."

"Sijasema kitu bado," Mjomba akasema. "Mwambie nitabeba darubini."

Tulitoka alfajiri ya Alhamisi kwa gari la kazini. Ni gari dogo jeupe, lina bango la mwanafunzi juu ya paa, na upande wa mwalimu lina breki ya pili. Mjomba ana miguu mirefu, hatoshi nyuma, kwa hiyo alikaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu. Nilimwonya mapema. Nilimwambia, Mjomba, hiyo pedali miguuni mwako si ya kuchezea. Akasema mimi ni mtu mzima.

Tulipotoka tu mjini, mwewe alikuwa ametua juu ya nguzo ya umeme. Mjomba akakanyaga. Gari lilisimama kama limegonga ukuta, mimi kifua kwenye usukani, mkoba wa Shangazi ukaruka kutoka nyuma ukaja kutua kwenye dashibodi.

"Mwewe," Mjomba akasema, ameshanyanyua darubini.

"Mjomba! Nyuma yetu kuna lori!"

"Limesimama. Nimepima umbali kwanza kwenye kioo."

Alikanyaga tena kwa ajili ya kunguru, akanikanyagia kwa ajili ya mfuko wa plastiki ambao kwa mbali, alisema, ulikuwa na mabawa. Mara ya nne Shangazi aliinuka kutoka nyuma akiwa na kofia imemziba macho.

"Mwambie huyo bwana," alisema kwa utulivu wa kutisha, "akiendelea hivi nitafika huko nimekaa mapajani mwake."

"Mjomba, Shangazi anasema ataishia mapajani mwako."

"Mwambie karibu."

Nilimtazama Shangazi kwenye kioo. Alikuwa amegeukia dirishani, anaangalia vichaka kwa makini sana, na shingo yake ilikuwa imesimama wima. Lakini hakununa, na mimi kununa kwa Shangazi nakujua hata gizani. Nikajiambia, Mwalimu Breki, usitie matumaini, endesha gari.

Lami iliisha, ikaja changarawe, ikaja mchanga. Miti ikafupika mpaka ikawa ya kufika kiunoni. Nchi ile ilikuwa tambarare na tupu, mawe na majani makavu, na upepo hauna pa kujibanza. Kwenye lango la hifadhi mhifadhi mmoja mwenye kofia pana alitoka kwenye kibanda chake, akatukagua tiketi, akalitazama bango la mwanafunzi juu ya paa, kisha akatutazama sisi watatu.

"Anayejifunza ni nani?" akauliza.

"Wote wawili," nikamjibu.

Akapanda nyuma na Shangazi ili atuonyeshe njia. Hatujaenda mbali mbuni wawili wakatokea mbele ya gari, mmoja mweusi mwenye manyoya meupe pembeni, mwingine wa kijivu kijivu. Hawakuwa na haraka yoyote. Walisimama katikati ya njia kama wazee wa kamati. Mjomba alikanyaga, safari hii kwa haki, na nikaona masharubu yake yanacheza.

"Mwulize shangazi yako," akasema, "huyo mweusi na huyo wa kijivu. Ni ndege wawili tofauti hao?"

"Mwambie mbuni anajulikana," Shangazi akasema. "Kila mtu anamjua mbuni. Asitafute ushahidi kwa majirani."

"Kwani mnabishania nini?" mhifadhi akauliza.

Nikamweleza kwa ufupi: firigogo, mistari, madoadoa. Uso wa yule bwana uling'aa, maskini, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua.

"Aa! Hilo ni jambo rahisi sana. Firigogo ni..."

"Usiseme!" Shangazi na Mjomba walimfokea kwa pamoja, kwa sauti moja, hata mbuni wakapisha njia.

Lilikuwa neno la kwanza kulisema pamoja baada ya miaka minne. Wote wawili walishtuka. Mhifadhi alifunga mdomo, na kwa muda wote uliobaki alikaa amekumbatia kofia yake kifuani.

Alituacha bwawani. Kibanda kilikuwa kile kile, mbao zimepauka, ndani ubao mmoja wa kukalia na mbele yake dirisha refu jembamba la kuchungulia. Ukutani kulikuwa na tangazo: KIMYA. Nikakaa katikati, kama kawaida yangu. Darubini ilikuwa moja, hivyo ikawa inapita kwangu: Mjomba ananipa, nampa Shangazi, Shangazi ananirudishia, namrudishia Mjomba. Nje bwawa lilikuwa dogo, mtu angeweza kulizunguka kabla maji ya chai hayajachemka. Ng'ambo yake ulianza uwanda wa mawe, basi, mpaka macho yanapochoka.

Kwa saa nzima hawakuja firigogo. Walikuja njiwa. Alikuja bweha mmoja, akanywa huku anatazama nyuma kama mdaiwa. Walikuja choroa watatu, pembe ndefu zimenyooka, wakasimama majini bila kunywa, na mmoja akatupa haja zake kubwa mle mle, nikasema moyoni ama kweli raha za jangwani. Nikaanza kusinzia. Nilizinduliwa na harufu ya yai. Shangazi alikuwa amefungua mkoba, amemenya yai la kuchemsha, amelinyunyizia chumvi.

"Mpe," alininong'oneza. "Asije akazimia hapa nikasingiziwa."

Nikampa. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili, akalila polepole, akafuta masharubu.

"Mwambie chumvi imekaa sawasawa," akanong'ona.

"Anasema chumvi..."

"Mwambie nimemtilia chumvi miaka thelathini na nane, angeshangaa ikikosea."

"Mjomba, anasema..."

"Mwambie huko ninakokwenda hawajui kiasi changu."

"Mwambie kwani nani kamtuma aende?"

"Mwambie anajua nani kamtuma."

"Mwambie mwenye mdomo uliotamka ndiye aliyejituma!"

"Mwambie miaka minne mtu ananiona kama kiti!"

Kunong'ona kwao kulikuwa kumeshapanda juu kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wengine. Huyu alikuwa ananinong'onea sikio hili, huyu sikio lile, mate ya yai yananirukia, na mimi katikati nageuza kichwa kama feni. Ndipo angani nikasikia mlio mwororo, wa wengi kwa pamoja, na nikaona kundi la ndege wenye rangi ya mchanga linashuka, thelathini, arobaini, linatua ukingoni mwa bwawa. Firigogo! Wenyewe! Na wale wawili hawakuona, walikuwa wananiangalia mimi.

"Mwambie..."

"Mwambie..."

"BREKIII!" nikapiga kelele.

Jamani, ni mazoea. Miaka kumi na moja ya kazi. Neno lilinitoka kwa nguvu zote za mapafu yangu, likagonga mbao za kibanda, likatoka kwa dirisha. Firigogo wote waliruka kwa pamoja, kishindo kama shuka kubwa linakung'utwa. Wakazunguka mara moja juu ya bwawa, wakapotea.

Kimya kikaingia, kile cha kwenye tangazo.

"Huja mara moja tu kwa asubuhi," Mjomba akasema baadaye. Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wakishaondoka, wameondoka."

Shangazi aliinamisha kichwa. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akiinamisha kichwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi, niliyewaleta, mimi niliyejifanya hakimu, nimewafukuza ndege kwa mdomo wangu, na Jumamosi haikuwa na habari nami. Machozi yakaanza kunitoka na sikuyafuta. Nikasema, "Nisameheni. Nisameheni wote wawili. Msiachane kwa ajili ya ndege, nawaomba." Shangazi akaniwekea mkono mgongoni. Sekunde moja baadaye Mjomba naye akaweka wake, na nikahisi mikono hiyo miwili imekutana mgongoni mwangu, na hakuna aliyeutoa wa kwake.

"Nyamaza," Shangazi akasema ghafla. "Tazama."

Mmoja alikuwa amerudi, peke yake. Alikuwa yule wa mistari usoni na mkanda kifuani. Alitua, akakimbia kimbia vihatua vifupi, akasimama, akatazama huku na huku kuhakikisha yule mwanamke wa kelele hayupo. Kisha akaingia majini. Wenzake walikuwa wametua ukingoni tu, huyu aliingia mpaka tumbo likazama, akakaa humo, akawa anajitikisa, anajipembeza mbele na nyuma.

"Anaoga," nilinong'ona.

"Haogi," Mjomba akasema. "Anajilowesha makusudi. Mwangalie tumboni."

Darubini ilikuwa kwa Shangazi. Ndege alikaa majini muda mrefu, mtu angedhani amesahau alichofuata. Alipotoka manyoya ya tumbo lake yalikuwa meusi kwa maji. Akaruka, chini chini, kwa uzito, akapita bwawa, akatua kwenye uwanda wa mawe, labda hatua mia kutoka kwetu. Baadaye mhifadhi aliniambia kwamba kwa kawaida hutaga mbali sana na maji, na kwamba jozi ile ilikuwa imekosea au imekuwa na akili kuliko wenzao. Wakati ule mimi niliona mawe tu.

Kisha jiwe moja likainuka. Lilikuwa na madoadoa kuanzia kichwani hadi mkiani. Chini yake vikatokea vifaranga vitatu, vidogo mno, hata kwa macho matupu niliona vidoa vinavyokimbia. Yule wa mistari akasimama wima, kifua mbele, kama mtu anayepimwa na fundi cherehani, na vifaranga vikaingia chini yake, vikachomeka midomo kwenye manyoya ya tumbo, vikawa vinanyonya maji. Yule wa madoadoa akasogea akasimama ubavuni mwake.

Nilimtazama Shangazi. Darubini ilikuwa imeganda usoni mwake. Miaka thelathini na miwili alikuwa amezoea akina baba wakiwa nje ya mlango, wanazunguka zunguka kwenye baraza, na hapa sasa baba alikuwa amesimama na watoto wanakunywa kifuani mwake. Aliona. Hakuna mkunga duniani ambaye angetazama vile asijue anachotazama.

Akashusha darubini. Hakunipa mimi. Alinyoosha mkono mbele ya pua yangu, akamkabidhi Mjomba mwenyewe, mkononi.

Mjomba akatazama. Naujua uso wa Mjomba akiwa amepata ushindi. Niliuona siku jirani yetu alipochimbua ukuta wake akalikuta jiwe la mpaka pale pale Mjomba aliposema lipo. Uso huo ulianza kumjia, masharubu yakapanda, na mimi nikaomba, Mungu wangu, mpalize mate, mletee chafya, fanya lolote, asiseme.

"Mzee," Shangazi akasema. Hakusema mwambie. Alisema Mzee, na sauti ilikuwa ya mtu anayemeza kidonge bila maji. "Mzee, mimi siku ile..."

"Jua limekaa vibaya," Mjomba akamkata kauli.

Jua lilikuwa migongoni mwetu. Uwanda wote ulikuwa mweupe kwa mwanga, ungeweza kuhesabu changarawe.

"Limekaa vibaya kabisa," akaendelea, darubini bado machoni, na sauti haikuwa inamtii vizuri. "Kwa mwanga kama huu hata mtu aliyezalisha watoto elfu sita hawezi kuona sawasawa. Na huyo mtu si wa kubahatisha. Hajawahi kubahatisha, hata siku moja, na aliyesema vile alisema upuuzi." Akazungusha kioo cha darubini. "Mimi mwenyewe sijaona vizuri."

Nilifungua mdomo. Mmeona! Nilitaka kuwaambia, mmeona wote wawili, na mimi nimeona, na mhifadhi anajua, na mbuni wanajua! Shangazi akanibana paja kwa vidole vyake vya kazi, vile vya miaka thelathini na miwili, nikaufunga mdomo haraka sana.

"Kwa hiyo?" Shangazi akauliza.

"Kwa hiyo itabidi turudi tuangalie tena."

"Lini?"

Mjomba alishusha darubini. Akatoa shati nje ya suruali, akaanza kufuta vioo vyake, ambavyo havikuwa na vumbi lolote.

"Jumamosi," alisema. "Kama una nafasi."

Shangazi aliangalia nje, kule kwenye mawe.

"Jumamosi nina nafasi," akasema.

Nikainuka pale katikati, nikawaambia nakwenda kuangalia gari.